Kisu, Umeme na Mwanga

Ziko hospitali siku hizi ambamo mwili wa mtu hukatwa kwa mwanga, wala si kwa kisu. Habari hizo zimeenea kama habari zote zinavyoenea, yaani nusu yake imefika na nusu nyingine imebaki njiani. Mtu aliyeota kinundu mdomoni, au mwenye kovu lililovimba nyuma ya sikio, humwendea daktari akiwa amekwisha kata shauri: ataka ule mwanga uitwao leza, hataki kisu. Hoja yake ni damu. Kisu humwaga damu, na leza, kama alivyosikia, haimwagi. Basi daktari atakayemtajia kisu hudhaniwa kuwa ni daktari maskini asiye na vyombo.

Hoja hiyo ina kosa ndani yake, na kosa lenyewe laweza kumgharimu mtu. Damu isipomwagika haina maana kwamba nyama haikuumia. Mara nyingi damu imekosa kumwagika kwa sababu nyama ya ukingoni imepikwa, na nyama iliyopikwa ni nyama iliyokufa, ambayo mwili hauna budi kuiondoa kabla ya kuziba jeraha.

Yafaa kuanza na kisu chenyewe, maana ndicho kipimo ambacho vyombo vingine vyote hupimwa kwacho. Zamani kisu cha mpasuaji kilinolewa kama wembe wa kinyozi, nacho kiliishiwa makali upesi. Katika mwaka wa 1915 Mmarekani Morgan Parker alipata hati ya serikali kwa kisu cha vipande viwili: mpini unaodumu, na wembe unaochomolewa na kutupwa. Mpaka leo visu vya hospitali ni vya namna hiyo, na nyembe zake hujulikana kwa namba. Namba 10 ni kubwa, ya kukatia ngozi ya tumbo au ya paja. Namba 11 ina ncha kali, yafaa kutumbua jipu. Namba 15 ni ndogo yenye tumbo la mviringo, na hiyo ndiyo hutumiwa zaidi usoni na kinywani.

Wembe mkali ukipita katika ngozi, hutenga chembe za mwili upande huu na upande huu. Zile zilizoguswa na makali hufa, lakini ni mstari mwembamba tu. Jirani zake zinabaki hai. Damu hutoka, kisha huganda, na ile damu iliyoganda si uchafu, bali ni daraja. Juu yake hupita chembe nyeupe za damu zinazokuja kusafisha, na chini yake chembe za ngozi hutambaa kutoka kingo zote mbili hata zikakutana. Jeraha la kisu lililoshonwa vizuri huwa limefunikwa na ngozi mpya nyembamba katika muda wa siku moja au mbili. Nguvu yake ndiyo huchelewa. Baada ya juma moja mshono bado ni dhaifu sana, na hii ndiyo sababu mkulima aliyepasuliwa hukatazwa kushika jembe ingawa kwa macho anajiona amepona. Baada ya miezi ipatayo mitatu kovu hufikia kama asilimia 80 ya nguvu ya ngozi ya asili, wala halifikii kamwe nguvu yote.

Je, kisu kikiwa kikali zaidi ya chuma, jeraha litapona vizuri zaidi? Jambo hili limejaribiwa, na lina sehemu yake katika nchi ya Kenya. Karibu na Naivasha, huko Njorowa na katika milima ya Eburu, hupatikana jiwe jeusi ling'aalo kama chupa iliyovunjika, lililotokana na moto wa volkano. Watu wa kale walilipasua wakapata visu, na huko Olorgesailie vimeonekana vipande vyake vya miaka ipatayo 300,000 iliyopita, ambavyo vililetwa kutoka mbali. Ukingo wa jiwe hilo ni mwembamba kupita ukingo wa wembe wowote wa chuma. Katika mwaka wa 1993 madaktari wa Marekani walitangaza matokeo ya kukata ngozi za panya, sehemu moja kwa jiwe la namna hiyo na sehemu nyingine kwa chuma cha hospitali. Siku ya 7, ya 10 na ya 14, makovu ya jiwe yalikuwa membamba zaidi. Ilipofika siku ya 21 hakukuwa na tofauti, na nguvu za majeraha hazikupitana wakati wowote. Yaani makali ya ajabu yalileta faida ya majuma mawili, kisha mwili ukasawazisha hesabu. Na kwa kuwa jiwe hilo huvunjika upesi likigeuzwa upande, chuma hakijaondoka mezani.

Upungufu mkubwa wa kisu ni kwamba hakifungi mishipa kinayoikata. Kwa ajili hiyo watu wamejaribu moto tangu kale. Abu al-Qasim al-Zahrawi, tabibu wa Cordoba aliyefariki karibu na mwaka wa 1013, alianza maandishi yake ya upasuaji kwa mlango mzima wa kuchoma kwa chuma cha moto. Moto husimamisha damu kweli. Lakini Mfaransa Ambroise Paré, katika vita vya Turin mwaka wa 1537, aliishiwa mafuta ya moto ambayo desturi ya siku hizo iliagiza yamwagwe katika majeraha ya risasi, akalazimika kuwapaka baadhi ya askari dawa ya kiini cha yai, mafuta ya waridi na tapentaini. Alikesha kwa hofu, akidhani asubuhi atawakuta wamekufa. Akawakuta wametulia, na wale waliochomwa ndio wenye homa, uvimbe na maumivu. Tangu siku hiyo akaacha mafuta ya moto, na baadaye akaanza kufunga mishipa kwa uzi.

Kisu cha umeme ni mjukuu wa kile chuma cha moto, ila amepelekwa shule. Mwaka wa 1891 Mfaransa Arsène d'Arsonval alionyesha kwamba umeme ukigeuza mwendo wake mara nyingi mno kwa sekunde, zaidi ya mara 10,000, hupita mwilini pasipo kurusha misuli. Mashine za leo hugeuza umeme mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde. William Bovie wa Boston alitengeneza mashine ya kukatia kwa umeme huo, na tarehe 1 Oktoba 1926, katika hospitali ya Peter Bent Brigham, mpasuaji mashuhuri wa ubongo Harvey Cushing aliitumia kuondoa uvimbe wa fuvu ambao siku chache kabla alikuwa ameuacha nusu kwa sababu ya damu nyingi. Safari hii akaumaliza.

Jambo la kuelewa ni hili: ncha ya kisu cha umeme si kaa la moto. Umeme huingia mwilini kupitia ncha ile ndogo, na joto huzaliwa ndani ya nyama yenyewe, mahali ule umeme ulipobanana. Kisha hutoka kupitia bamba pana lililobandikwa pajani au mgongoni, ambapo umetawanyika na hauna nguvu ya kuunguza. Umeme ukienda mfululizo, maji yaliyo ndani ya chembe hugeuka mvuke mara moja na chembe hupasuka; nyama hukatika, na ukingo ulioungua ni mwembamba. Umeme ukienda kwa kukatizwa, chembe hazipasuki bali hukauka. Damu husimama vizuri, lakini kuungua huingia ndani zaidi. Mkono nao una neno lake. Mpasuaji apitishaye ncha upesi na mara moja huacha ukingo safi. Anayekawia mahali pamoja huchoma kama mpishi aliyesahau sufuria.

Kwa miaka mingi wapasuaji waliogopa kukata ngozi kwa umeme, wakidhani jeraha litaoza na kovu litakuwa baya. Walikata ngozi kwa kisu, kisha wakaendelea na umeme chini yake. Hofu hiyo ilikuwa na busara, lakini haikuthibitika sana. Mwaka wa 2017 zilikusanywa hesabu za majaribio 16 yenye wagonjwa 2,769 waliopasuliwa tumbo, na haikuonekana tofauti ya wazi kati ya kisu na umeme katika kuoza kwa majeraha, ingawa waliozikusanya walisema kwamba ushahidi wenyewe si wa nguvu. Ngozi ya tumbo basi yaweza kuvumilia. Ngozi ya uso, ambamo kila nusu ya milimita huonekana na watu, bado hukatwa na wengi kwa kisu.

Leza ni mdogo wao wa mwisho. Theodore Maiman aliwasha ya kwanza huko California tarehe 16 Mei 1960, kwa kutumia kito chekundu. Mwaka wa 1964 Kumar Patel, mzaliwa wa India aliyefanya kazi Marekani, alitengeneza leza ya hewa ya kaboni dayoksaidi, na hiyo ndiyo iliyopata kazi kubwa katika kukata mwili. Sababu yake ni maji. Mwanga wa leza hiyo, ambao jicho halioni, humezwa na maji kwa pupa, na mwili wa mtu kwa sehemu kubwa ni maji. Kwa hiyo nguvu zake karibu zote huishia juu juu, kwa kina kisichofika sehemu ya kumi ya milimita. Nyama huwa mvuke, na joto linalobaki huenea kando, kwa kawaida pungufu ya nusu milimita. Mishipa midogo hufungwa papo hapo.

Lakini leza si moja. Ziko nyingine ambazo maji hayazizuii sana, bali humezwa na wekundu wa damu au weusi wa ngozi, nazo huingia ndani zaidi na kuunguza kwa kina. Mgonjwa anayesema “nataka leza” bila kusema zaidi ni kama mkulima anayeingia dukani na kusema “nataka mbegu”. Atapewa mbegu, lakini huenda haitafaa shamba lake.

Shamba linaloitwa kinywa lina udongo tofauti kabisa na ngozi. Huwa na maji wakati wote, lina vijidudu vingi, halishiki gaga kavu, na hata hivyo hupona upesi kuliko ngozi na kuacha kovu dogo, pengine lisionekane kabisa. Mate yana vitu vinavyohimiza chembe kutambaa. Mwaka wa 2018 wataalamu wa Marekani walionyesha, kwa kuwajeruhi watu wale wale waliojitolea mdomoni na mkononi, kwamba chembe za kinywa huwa tayari kwa kazi ya kuponya hata kabla hazijaumizwa, hali zile za ngozi hungoja kuamshwa.

Kwa upande mwingine kinywa kina damu nyingi mno, hasa ulimi. Desturi ya kukata kimio cha mtoto kwa kisu cha nyumbani, ambayo haijakwisha katika baadhi ya sehemu za Afrika ya Mashariki, imeua watoto kwa njia hiyo hiyo: damu isiyozuilika, au uchafu ulioingia katika jeraha. Hapa ndipo umeme na leza huonyesha faida yao. Uvimbe wa mishipa ya damu ulimini, au kinundu cha shavuni, huweza kuondolewa na mpasuaji akiona kila anachofanya, na mara nyingi jeraha la leza huachwa wazi bila nyuzi.

Kuna faida nyingine isiyotazamiwa. Jeraha kubwa la kisu likiachwa wazi shavuni hujikunja linapopona, likavuta nyama zilizo karibu, hata mtu akaona taabu kufungua kinywa. Wataalamu wa Uingereza walilinganisha majeraha ya namna hizo mbili katika mashavu ya mbwa, wakatangaza mwaka wa 1983 kwamba yale ya leza yalijikunja kidogo tu, kwa kuwa zile chembe zenye kazi ya kuvuta jeraha zilikuwa chache. Gharama yake ilikuwa muda: ngozi laini ya kinywa ilichelewa kulifunika jeraha la leza kuliko lile la kisu. Mwenye haraka na mwenye kuogopa kukazwa shavu hawatachagua chombo kimoja.

Ufizi ni habari nyingine tena. Nyama yake ni nyembamba, na chini yake mara moja ni mfupa wa taya na mizizi ya meno. Ncha ya kisu cha umeme ikigusa mfupa, au jino lililozibwa kwa madini, joto hushuka ndani; mfupa waweza kufa kipande, ufizi ukarudi nyuma na jino likabaki uchi. Daktari wa meno anayeshika kisu kidogo cha namba 15 mahali hapo ana sababu yake.

Lakini mahali ambapo uchaguzi wa chombo huwa jambo la uhai ni pale kinachokatwa kinapokwenda kupimwa. Mtu huona doa jeupe ndani ya shavu au pembeni mwa ulimi, lisilofutika wala lisilouma. Katika Githongo, wilaya ya Meru, madaktari walichunguza watu wenye madoa hayo na wasio nayo, wakatangaza mwaka wa 1995 kwamba mkosaji mkubwa alikuwa tumbaku ya kuvuta, sigara na ile ya kienyeji iitwayo kiraiku. Miraa, ambayo wengi waliitazamia kuwa na hatia, haikuonekana kuhusika. Madoa mengi ya namna hiyo hayana neno. Machache huwa mwanzo wa saratani, na jicho tupu haliwezi kuyatenga. Hukatwa kipande kidogo, kikatiwa katika chupa ya formalini, kikapelekwa kwa mtaalamu wa hadubini.

Mtaalamu huyo hutazama umbo la chembe, mpangilio wake, na kama zimevuka mpaka wao kwenda chini. Chembe iliyopikwa haisomeki. Hunyauka, hurefuka kama uzi, na kiini chake huwa doa jeusi lisilo na sura. Tena chembe iliyoungua huweza kufanana na chembe mbaya, au kuificha iliyo mbaya. Piga hesabu kidogo: kipande cha mviringo chenye upana wa milimita 3, kikiungua nusu milimita pande zote, hubaki na upana wa milimita 2 za kusomwa, na hiyo ni chini ya nusu ya eneo lake. Majibu yakirudi yakisema “haikuweza kuamuliwa”, mgonjwa hurudi kukatwa tena, na majuma yamepita. Kwa hiyo kipande kidogo cha kupimwa hukatwa kwa kisu baridi. Damu ikisumbua, moto waweza kutumiwa baadaye katika jeraha lililobaki, lakini si katika kile kilichomo chupani.

Yapasa pia kusema neno juu ya lile kovu la nyuma ya sikio. Kovu linaloinuka na kuendelea kukua hata kupita mpaka wa jeraha lililolizaa hupatikana zaidi kwa watu wenye ngozi nyeusi, na kinywani ni nadra sana kuonekana. Likikatwa tu, bila tiba nyingine, mara nyingi hurudi, pengine kubwa kuliko kwanza. Wengi wametumaini kwamba leza italikomesha. Haikulikomesha, likikatwa kwa leza peke yake hurudi vile vile, maana ugonjwa wake haumo katika makali ya chombo bali katika namna ngozi ya mtu huyo inavyojenga kovu. Kinachosaidia ni yale yanayofuata kukatwa: sindano za dawa katika kovu, kulibana, na mahali pengine tiba ya mionzi. Mtu aliyeuza mbuzi wawili apate fedha za leza, asiambiwe habari hizo, amedhulumiwa.

Umeme na leza zina hatari zake ambazo kisu hakina. Bamba la pajani lisiposhika sawasawa, umeme hubanana mahali padogo na kuunguza ngozi mbali na palipokusudiwa. Spiriti ya kusafishia ngozi isipoachwa ikauke, huwaka. Hewa ya oksijeni karibu na kinywa huongeza moto. Moshi wa leza ulipopimwa katika tiba ya sugu zinazoletwa na virusi, ilitangazwa mwaka wa 1988 kwamba ndani yake mlikuwa na mabaki ya virusi hao. Ndiyo maana moshi hufyonzwa kwa mashine, na waliomo chumbani hufunika macho na pua. Mwenye mashine ya kusaidia mapigo ya moyo na amwarifu daktari kabla ya siku ya kupasuliwa, si akiwa amelala mezani.

Aliyekwisha kukatwa kinywani kwa leza au umeme huona kesho yake utando mweupe au wa manjano umelifunika jeraha. Wengi hudhani ni usaha, wakausugua kwa kidole au kwa mswaki. Si usaha, ndio mfuniko ambao chini yake nyama mpya inajengwa, nao hutoka wenyewe, kwa kawaida katika majuma mawili au zaidi kidogo. Usukutue kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, ujiepushe na tumbaku, pilipili na chai ya moto. Damu ikianza tena, ukunje kitambaa safi, uking'ate au ukikandamize pale pale kwa dakika 20 bila kufungua ili kutazama. Ikiendelea baada ya hapo, au shavu likivimba na homa kupanda, rudi hospitalini siku ile ile.